Mama Nedra na Zoezi la Kutokuwepo

Wasifu wa marehemu Nedra Kofoed Wadsworth
14 Februari 1943 – 9 Novemba 2023
Umesomwa katika mazishi yake, Shelley, Idaho, Jumanne tarehe 14 Novemba 2023

Askofu wetu, nawe Mzee Thayne, wafiwa wote, na ninyi majirani mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono: marehemu hakupenda maneno mengi. Alikuwa akisema kwamba msemaji anayepitisha muda wake kanisani anakula akiba ya mwenzake. Tutajitahidi asitukasirikie leo.

Nedra alizaliwa Jumapili tarehe 14 Februari 1943, shambani kwa wazazi wake huko Weston, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa Mzee Orval Kofoed na Mama Thelda. Mzee Orval alifuga ng'ombe wa maziwa na kulima viazisukari. Mama Thelda aliitawala stoo iliyokuwa chini ya nyumba. Majira ya baridi ya mwaka 1949, Nedra akikaribia miaka sita, theluji iliziba barabara hata gari la kuchukua maziwa likakwama mbele ya geti lao, na dereva akawa mgeni wao kwa zaidi ya wiki. Nedra ndiye aliyetumwa chini kuleta chupa za maharage na za pichi. Alituhadithia mara nyingi jinsi alivyopanda ngazi amezikumbatia, akamkuta mama yake jikoni anaimba huku upepo unagonga madirisha. Watu wazima wengine walikuwa na hofu. Mama Thelda hakuwa nayo. Mtoto yule aliamua palepale kwamba dawa ya hofu ni rafu iliyojaa, na imani hiyo hakuiacha.

Alibatizwa akiwa na miaka minane, akasoma shule ya msingi hapo Weston, akamaliza sekondari Preston mwaka 1961, kisha akaenda chuo cha Rexburg kusomea sayansikimu. Chuo alikipenda, chakula cha chuo hakukipenda. Vuli ya mwaka 1962 wanafunzi walipelekwa Shelley kusaidia kuvuna viazi kabla ardhi haijaganda, naye akajikuta kwenye tuta moja na kijana mrefu, mtoto wa mwenye shamba, Thayne Wadsworth. Kijana alikuwa amekwisha kutunga maneno mazuri ya kumwambia. Kabla hajafungua kinywa, Nedra alimwambia magunia yake yamefungwa vibaya na yatamwaga viazi njiani. Yalimwaga. Mzee Thayne amekuwa akikiri tangu siku hiyo kwamba alioa ili aonyeshwe namna ya kufunga gunia.

Walifunga ndoa tarehe 11 Juni 1964 katika hekalu la Logan, ndoa ambayo sisi tunaamini kaburi haliivunji. Mungu aliwajalia watoto watatu: LuAnn, Kendell na Tamra.

Jumatatu ya kwanza ya Januari 1965, katika jioni ya familia, wakiwa wawili tu na LuAnn bado yumo tumboni, Nedra alianzisha desturi ambayo wengi wenu mmeisikia na baadhi yenu mmeiponea chupuchupu. Kila aliyekaa mezani alitaja malengo yake ya mwaka: moja la stoo na moja la mfuko wa fedha. Sheria zilikuwa chache. Lengo husemwa kwa sauti. Hakuna anayecheka. Lengo la mtu hulitimiza mwenyewe, wala mwingine haruhusiwi kulibeba. Na lengo lisilotimia halifutwi. Linahamishiwa mwaka unaofuata, limsubiri mwenyewe. Ndiyo maana pampu ya mkono ya kisima, ambayo Mzee Thayne aliiahidi mwaka 1978, ilihamishwa na kuhamishwa hadi watoto wakaizoea kama ndugu yao wa nne. Ilifungwa mwaka 1987, na bado inavuja.

Malengo yakishatajwa, lilifuata zoezi. Mzee Thayne alikwenda kuzima swichi kuu ya umeme, na nyumba nzima ikaishi kwa akiba mpaka jioni ya kesho yake, taa zilipowashwa tena. Zoezi la kwanza lilikuwa la mwaka 1973, na hapo ndipo mama yetu alipoaibika. Kwa miaka minane alikuwa amejaza ndoo za ngano kutoka sakafuni hadi darini, na alikuwa na mashine nzuri ya kuisagia. Mashine ya umeme. Umeme ukazimwa. Walichemsha ngano nzimanzima wakaila hivyo hivyo, na matumbo ambayo hayakuzoea yakatoa hukumu yake. LuAnn anasema foleni ya chooni siku ile hajaiona mfano wake hata uwanja wa ndege. Mwaka uliofuata lengo la Mama Nedra lilikuwa moja tu, mashine ya kusagia ya mkono, na akaongeza sheria mpya: usiweke akiba ya kitu ambacho huli kila wiki.

Mkwe wake anayewasomea maneno haya, mke wa Kendell, aliletwa nyumbani kutambulishwa siku ya zoezi, bila Kendell kumwonya. Alikuta watu wamekaa gizani wanakula mkate uliolowekwa kwenye maziwa, wamejifunika mablanketi. Akahuzunika sana kwa umaskini wao. Kesho yake alirudi na mfuko wa mishumaa na kuku aliyechomwa. Mama Nedra alimpokea kwa shukrani zote, akaipanga ile mishumaa kwenye rafu, ndipo alipomweleza.

Kazini, Mama Nedra alifundisha sayansikimu katika shule ya Shelley kuanzia mwaka 1974 hadi alipostaafu mwaka 2004. Wavulana waliojiandikisha wakidhani wanakwenda kula keki walitoka wakijua kupanga bajeti, kushona kifungo na kuoka mkate. Wengine wao wamebeba jeneza leo. Alihudumu pia miaka mingi katika Muungano wa Usaidizi wa akina mama wa kanisa katika kata yetu, na hakuna msiba uliopita hapa ambao yeye hakupeleka sinia la viazi vya jibini kabla mfiwa hajakumbuka kula.

Watu walimtania kwamba anangoja mwisho wa dunia. Hakuwa anaungoja, alikuwa anangoja Jumatatu ya kawaida yenye habari mbaya. Ilifika mwaka 1984, kiwanda cha kukausha viazi alichofanyia kazi Mzee Thayne kama fundi kilipopunguza watu, naye akakaa nyumbani zaidi ya mwaka. Tamra, aliyekuwa mdogo, hakujua kwamba baba yake amepoteza kazi. Alidhani amepewa likizo kwa sababu ya tabia njema. Na katika kipindi hicho hicho kuna nyumba tatu mtaani zilizokuta unga mlangoni asubuhi, zisijue umetoka wapi. Mama Nedra aliamini kweli kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ila aliamini pia kwamba asiye na cha kumpa nduguye amekwisha kufa.

Sasa tufike mahali pagumu.

Mwaka 2015 alianza kupotewa na maneno madogo. Mwaka 2016, mwezi wa Machi, daktari wa Idaho Falls aliwaita wote wawili akawaeleza kwamba ni ugonjwa wa kusahau, ule usiorudi nyuma. Njiani kurudi Mzee Thayne ndiye aliyeendesha gari. Mama Nedra aliuliza jambo moja tu, kama duka la mbegu bado liko wazi.

Jumatatu ya kwanza ya Januari 2017 tulikaa mezani kama kawaida. Zamu yake ilipofika, aliweka mikono yake mezani akasema, "Lengo langu la mwaka huu ni huyu mzee aweze kukaa bila mimi."

Mzee Thayne akasema, "Hiyo siyo dharura, mama. Hicho ni kiama."

"Hata kiama kitakukuta na njaa. Kesho utaoka mkate."

Mwaka huo hawakuzima umeme. Alijizima yeye. Alikaa kwenye kiti chake cha dirishani tangu asubuhi, mikono magotini, akatangaza kwamba hayupo. Asiyekuwepo haulizwi kitu na hajibu kitu, mpaka taa za jioni ziwashwe. Mzee Thayne alikuwa ameishi katika jiko lile zaidi ya miaka arobaini, na siku ile alilitazama kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Alitafuta unga, akaupata. Alitafuta hamira, akaipata kwenye mtungi usio wake. Chumvi hakuitafuta kabisa, kwa sababu hakujua kwamba mkate una chumvi. Mama Nedra aliona yote. Alipoletewa kipande chake alikila chote, macho dirishani, na mabega yakimtikisika kwa kicheko alichokizuia.

Jioni taa zilipowashwa alimgeukia akamwambia, "Chumvi, Thayne."

"Si ungeniambia?"

"Ningekuambiaje? Nilikuwa sipo."

Walicheka wote wawili mpaka wakalia, na sisi tuliokuwepo hatukujua tufuate lipi.

Tangu hapo zoezi lilifanyika kila mwezi. Mwanafunzi alikuwa mzito lakini hakuwa mvivu. Alijifunza kuoka, kufungia pichi kwenye chupa, kulipa bili kabla ya tarehe, kupiga pasi shati la Jumapili, na mwisho kabisa kumtengeneza mkewe nywele zijikunje kama alivyozipenda, kazi ambayo anasema ni ngumu kuliko injini yoyote. Mama Nedra alikuwa mkali. Akiona kosa alilisubiri mpaka jioni, akalisema lote. Kadiri miezi ilivyopita makosa yalipungua, na masahihisho yake pia yakapungua, na hatukuweza kupambanua kama ni kwa sababu mwanafunzi amefuzu au mwalimu amechoka.

Siku moja ya Oktoba mwaka 2020 lilikuwa zoezi tena, au Mzee Thayne alidhani ni zoezi. Mama Nedra alikaa kitini tangu asubuhi, mikono magotini, kimya. Mzee alifanya kazi zote na hakukosea hata moja. Jioni alikwenda akawasha taa, akasimama mbele yake anangoja kusifiwa. "Haya mama," akamwambia, "zoezi limekwisha. Rudi." Mama Nedra alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mwenye nyumba asiyemfahamu, akamshukuru kwa chakula, akauliza kama kuna mtu wa kumpeleka kwao Weston kabla giza halijaingia. Mzee Thayne alimwambia barabara ina theluji, alale hapa, kesho wataona. Kisha akateremka stoo, akakaa kwenye ngazi kati ya chupa za pichi alizozifunga yeye mwenyewe kwa kufundishwa naye, akalia kwa sauti. Tunalisema hadharani kwa ruhusa yake. Alisema mtu amejiandaa miaka minne na bado amekutwa hajajiandaa, na kwamba hilo nalo watu walijue.

Alimtunza nyumbani. Muungano wa Usaidizi ulileta msaada, naye mwanzoni aliukataa kwa kiburi cha nyumba ile, mpaka LuAnn alipomuuliza kama anajua ni misiba mingapi mama alipeleka viazi. Baada ya hapo alifungua mlango.

Ndipo ikafika Jumatatu ya kwanza ya Januari mwaka huu, tarehe mbili. Tulizunguka meza. Kila mmoja alisema lake, na Kendell, aliyekaa kulia kwa mama yake, alitaka kuiruka zamu ya mama ili asimsumbue. Mama Nedra akainua mkono kama mtoto darasani.

"Na mimi ninalo," akasema. "Mwaka huu nataka kulijua jina la yule mzee anayenipikia. Ni mtu mwema. Si vizuri kula kwa mtu usiyemjua jina."

Sheria ya meza ile ni kwamba hakuna anayecheka, na hakuna aliyecheka. Mzee Thayne alikuwa amesimama kwenye jiko na kijiko mkononi. Alikiweka chini.

"Mama, mimi naitwa..."

"Usiniambie," akamkata. "Lengo la mtu hulitimiza mwenyewe."

Ugonjwa ulikuwa umemchukulia nyumba, shule, watoto na karibu miaka yote sitini ya ndoa. Sheria ile haukuifikia. Na Mzee Thayne, ambaye kila asubuhi tangu mwaka 2020 alikuwa akijitambulisha kwake upya, alinyamaza kuanzia siku hiyo. Mpaka mwisho hakumtajia jina lake. Tamra alimsihi baba yake amwambie tu, kwani ana hasara gani, hata kukumbuka hatakumbuka. Mzee alijibu kwamba mama yao hajawahi kuomba kitu maishani mwake, na hiki kimoja alichokiomba hawezi kumharibia.

Hata hivyo aliiba kidogo. Majira ya kuchipua alikwenda kulichimbua sandukuni shati lake la zamani la kiwandani, lile lenye jina lililoshonwa kifuani kwa uzi mwekundu, akalivaa wakati wa kifungua kinywa. Mama Nedra bado aliweza kusoma. Aliinama karibu, akalisoma jina polepole na kwa usahihi kabisa: Thayne. Kisha akamshika mkono kwa huruma akamnong'oneza, "Umevaa shati la mtu. Mrudishie, huenda ana baridi." Mzee alilivua, akalikunja, na hakulivaa tena.

Mwishoni mwa Oktoba alipata homa ya mapafu. Daktari alisema atamtibu hospitalini au watamwacha apumzike nyumbani, na familia ikachagua nyumbani. Kitanda kiliwekwa chini ya dirisha, pale kilipokuwa kiti chake. Jumatano jioni tarehe 8 Novemba Mzee Thayne alimlisha kwa kijiko mkate uliolowekwa kwenye maziwa na asali. Mama Nedra alikuwa hajasema neno tangu Jumapili. Alitafuna, akameza, akafunga macho, na tuliokuwa chumbani tukamsikia akisema, "Chumvi imo."

Mzee Thayne alisubiri kama kuna neno jingine. Halikuja. Mama Nedra alifariki kesho yake, Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, asubuhi jua likiwa limekwisha kupanda, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mzee aliyempikia.

Marehemu ametanguliwa na wazazi wake na ndugu zake wanne. Ameacha mume, Thayne Wadsworth. Dada, Reva, wa Preston. Watoto watatu, LuAnn na mumewe Dell wa Blackfoot, Kendell na mkewe Shauna wa hapa Shelley, na Tamra wa Logan. Wajukuu tisa na vitukuu watano. Ameacha pia stoo iliyojaa. Baada ya kutoka makaburini mnakaribishwa ukumbini, akina mama wa kata wameandaa nyama na viazi vya jibini. Mkate ameuoka Mzee Thayne.

Limebaki neno moja, ambalo Mzee Thayne mwenyewe ameomba lisomwe. Lengo la Mama Nedra la mwaka huu halikutimia. Kwa desturi ya nyumba ile halifutwi, na kwa kuwa ni lake hakuna mwingine anayeweza kulibeba, kwa hiyo limehamishwa na linamsubiri aliko. Juzi, tulipokuwa tunamvalisha nguo zake nyeupe za hekaluni, Tamra alimuuliza baba yake kama siku atakapomfuata huko ataanza kwa kumtajia jina. Mzee Thayne alikuwa anamweka sawa nywele, zile alizofundishwa kuzikunja. Hakuinua kichwa.

"Hapana," akasema. "Nitasimama tu mlangoni. Atalitaja mwenyewe."

Mama Nedra, pumzika katika amani uliyojiwekea akiba.